Kinu cha Mwarobaini

Mama mkwe wangu alikaa kwangu siku arobaini na tatu, na katika siku hizo zote nilimwona uso mara mbili tu, zote kwa bahati mbaya. Chumba chetu kiko mtaa wa Raila, Kibera, na ukisimama katikati ukanyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Yeye alikaa upande wa kitanda, mimi upande wa mlango, na kati yetu palining'inia shuka la maua kwenye waya. Ukiona jambo hili ni la kuchekesha basi huna mama mkwe, au unaye lakini wewe si Mkamba.

Kwetu kuna heshima inayoitwa nthoni. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani ovyo, hawapigi gumzo, na hawali mmoja mbele ya mwingine. Mchungaji wetu anasema hayo ni mambo ya zamani na Kristo aliyamaliza. Lakini mama mkwe wake akija Nairobi, mchungaji huyohuyo hupata semina ya siku tatu huko Machakos.

Haikuwa imepangwa hivyo. Mama mkwe, Mama Ndululu, alikuja kutoka Kitui mwishoni mwa mwezi wa tatu, mwaka ule wa korona, kutolewa mtoto wa jicho. Mke wangu Mutheu angemuuguza wiki moja, halafu mimi ningempeleka stage apande gari arudi kwake. Serikali nayo ilikuwa na mpango wake. Kafyu ilianza kwanza, kisha Jumatatu moja ikatangazwa kwamba hakuna kutoka Nairobi wala kuingia. Wiki hiyohiyo mwajiri wa Mutheu, mwanamke mmoja wa Riruta mwenye watoto mapacha, akamwambia achague: alale hukohuko mpaka ugonjwa uishe, ama asirudi tena kazini. Mshahara wake ndio uliokuwa umebaki kutulisha. Akafunga begi akaenda. Watoto wetu, Yvonne na mdogo wake, walikuwa kwa mjomba wao Kitui tangu shule zifungwe. Nikabaki mimi, shuka, na mama mkwe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema ni nani atakayempa jembe mama mkwe. Na hata angelitaka asingeweza kulishika, maana daktari alikuwa ameandika masharti kwenye karatasi: asiiname, asibebe kitu kizito, asikaribie moshi wala joto la jiko kwa wiki sita. Atiwe matone mara nne kwa siku. Ameze vidonge asubuhi na jioni, tena baada ya kula, kamwe si tumbo likiwa tupu. Ya mwisho nilisomewa na daktari mwenyewe kwa sauti, kwenye korido: "Hakikisha anakula. Akirudi hapa amedhoofika, lile jicho la pili sitaligusa." Na lile jicho la pili lilikuwa limeshafunga ukungu kabisa. Bila operesheni ile angebaki na jicho moja lenye kidonda na jingine lisilojua mchana wala usiku.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu. Mama Ndululu ale.

Mimi ni mchonga vinyago. Nachonga twiga, hasa twiga, kwa sababu wageni wa ndege hupenda kitu chenye shingo ndefu kisichoingia kwenye begi. Mwaka ule ndege hazikuja, na twiga wangu ishirini na sita walikuwa wamesimama kwenye kibanda changu kando ya njia, hatua chache kutoka chumbani, wakiangalia watu wakinawa mikono. Ndani ya nyumba tulikuwa na nusu gunia la mahindi kutoka shambani kwa shemeji, maharagwe, ndengu, unga kidogo, chumvi na vitunguu. Sukuma wiki nilipata kwa jirani yetu Wanja, ambaye anauza mboga mlangoni mwake na ana maoni juu ya kila kitu.

Kupika sikujua, lakini si jambo la kunitisha. Mimi ni mtu wa kutaka kujua kitu kimekaaje ndani. Nikipewa gogo, naligonga, nalisikiliza, nalinusa, nalizungusha mpaka nijue mishipa yake inaelekea wapi. Nikaona sufuria nayo ni hivyohivyo. Jiko niliweka nje ya mlango ili moshi usiingie. Chakula kikiiva nilisukuma sufuria nzima chini ya shuka pamoja na sahani, yeye ajipakulie kwanza, kama ilivyo heshima. Kuonja kabla yake sikuthubutu. Chumvi nilikadiria kwa macho. Akimaliza, sufuria ilirudishwa chini ya shuka, nami niliichukua nikaenda kula nyuma ya nyumba ya Wanja, mbali, asinisikie nikitafuna.

Hapo ndipo palipoanza fumbo.

Siku ya kwanza nilipika ugali na sukuma. Sufuria iliporudi, ugali ulikuwa mzima, isipokuwa kipande kilichokatwa pembeni, ukubwa wa kiberiti. Nikasema labda ni uchovu. Siku ya pili nikapika ndengu na vitunguu. Ndengu zilirudi zikiwa zimepungua vijiko viwili. Siku ya tatu nikapunguza chumvi. Ya nne nikaongeza. Ya tano nikakaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu, na Wanja akaja kuuliza ni sherehe gani. Kiberiti. Vijiko viwili. Kiberiti.

Nilikichunguza kile kipande kilichokosekana kama ninavyochunguza ufa kwenye mti. Kilikatwa kwa unadhifu, upande uleule kila siku, kingo zimenyooka. Mtu anayechukia chakula hukichokonoa, hukigeuzageuza, huacha alama za vidole. Huyu alikata kama mtu anayekata kitu cha mwenzake. Niliona hilo kwa macho yangu mawili mazima, na bado sikuelewa chochote. Kweli macho si kitu.

Kumuuliza sikuweza. Ningemuulizaje? "Mama, mbona huli?" Mkwe hamuulizi mama mkwe habari za tumbo lake. Kwa hiyo nilimpigia Mutheu, Mutheu akampigia mama yake, na simu ya mama mkwe ikalia hatua mbili kutoka nilipokuwa nimeketi.

"Nakula, mwanangu," nikamsikia akisema nyuma ya shuka. "Nakula mpaka nashindwa kulala. Huyu mume wako anapika kukushinda wewe."

Akakata. Dakika moja baadaye simu yangu ikalia.

"Mama anasema anashiba," Mutheu akaniambia.

"Nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Mutheu, mimi niko hapa. Nitaenda wapi?"

Wiki ya pili ikaisha, ya tatu ikaanza. Wanja ndiye aliyekuwa akimtia Mama matone na kumpeleka choo, kwa hiyo yeye alimwona, mimi sikumwona. Asubuhi moja alitoka ndani akanivuta mkono hadi kwenye meza yake ya mboga.

"Nzuki, niaje, kwani huyu mama unampea nini?" akaniuliza. "Leo ameshikwa na kizunguzungu kwa mlango ya choo. Kama singekuwa nimemshika angeanguka na hiyo jicho yake. Amekonda, leso inamzunguka mara mbili."

"Nampa sufuria nzima, Wanja. Harudishi kitu ila chakula."

"Na wewe umenona," akasema, akinitazama kiuno. "Mama anakonda, wewe unanona. Mimi najua ukweli, lakini watu ya hii plot wataongea."

Nilitaka kumjibu vibaya lakini suruali ilikuwa imenibana, na mtu aliyebanwa na suruali hana hoja. Ni kweli nilikuwa nakula kilichobaki chote. Chakula hakitupwi. Niliona aibu, nikaona na hofu pia. Nilimwona akilini Mutheu akirudi Raila baada ya korona na kumkuta mama yake amelala kitandani kama kuni kavu, jicho moja limeharibika na la pili limekataliwa na daktari. Nilijua hangenilaumu kwa mdomo. Angenitazama tu, kila siku, mpaka nife.

Nikampigia tena. Safari hii sikumwambia ampigie mama. Nilimuuliza: huko Kitui, mama yako hula nini akifurahi?

Hakufikiri hata kidogo. "Muthokoi," akasema. "Hapitishi siku mbili bila muthokoi. Mahindi yenye maganda anasema ni ya punda."

Nilijipiga kofi kwenye paji la uso. Muthokoi! Ni mahindi yanayotwangwa na maji kidogo mpaka ganda litoke, yakapepetwa, yakapikwa na maharagwe hadi yalainike. Kila nyumba ya Ukambani inajua. Mimi nilikuwa na nusu gunia la mahindi, nayo yalikuwa na maganda yake. Jibu lilikuwa limekaa chini ya meza yangu wiki tatu.

Kuna mashine ya kukoboa Kawangware, kwa mzee anayeitwa Wainaina. Nikabeba mahindi kwenye mfuko nikatembea hadi huko. Wainaina alikuwa ameketi juu ya ndoo mbele ya mashine yake, barakoa imeshuka kidevuni.

"Mkanda umekatika," akaniambia. "Fundi yuko Murang'a, na Murang'a sasa ni ng'ambo."

"Hakuna mwingine?"

"Wa kukoboa? Watu wananunua iliyokobolewa, kijana. Ama utwange."

Nikarudi na mahindi yangu. Nikamuuliza Wanja kama anamjua mtu mwenye kinu. "Kinu, hapa Kibera?" akasema. "Nzuki, watu hawana mahali ya kuweka kitanda, waweke kinu?"

Hapo ndipo nilipokasirika, na nikikasirika huwa nafanya kazi. Mimi ni mchonga mbao, mwana wa mchonga mbao. Watu wa kwetu walikuwa wakichonga vinu kabla mzungu wa kwanza hajataka twiga. Nitatafutaje kinu kama ombaomba, na tezo yangu iko hapa? Nikaingia kibandani nikatazama magogo yaliyobaki. Ya mwembe yalikuwa yamekwisha. Ya jakaranda yalikuwa membamba. Lilibaki gogo moja nene, zuri, lililonyooka, ambalo nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya twiga mkubwa. Lilikuwa gogo la mwarobaini.

Najua unachofikiri. Wanja naye alilifikiri, tena kwa sauti.

"Hiyo si ile mti ya dawa? Ile ya malaria?"

"Uchungu uko kwenye majani na ganda," nikamjibu, kwa ile sauti ya fundi. "Ganda nimelitoa. Hii ni mbao tupu. Nimechonga mwarobaini miaka kumi na minane."

"Na umewahi kuilamba?"

"Nani analamba twiga?"

Kwa kweli ningepaswa kujua. Siku za kawaida vumbi la mwarobaini humwingia mchongaji mdomoni, naye hutema siku nzima. Ila tumezoea kutema na hatujiulizi tunatema nini. Tena safari hii askari walikuwa wakizunguka wakikamata watu wasio na barakoa, kwa hiyo nilichonga siku mbili nzima nikiwa nimefunikwa mdomo na pua. Hakuna hata chembe iliyofika ulimini. Barakoa iliyonilinda na ugonjwa ilinilinda pia na ukweli.

Lakini kile kinu kilikuwa kizuri, nikubalieni niseme. Nilikichimba kwa tezo, nikakilainisha ndani kwa patasi, nikakichongea na mchi wake kutoka kipande kilichobaki. Nilikuwa nimechonga maelfu ya vitu vya kukaa kwenye rafu za watu nisiowajua. Hiki kilikuwa cha kwanza, tangu niwe mtu mzima, ambacho kingetumika nyumbani kwangu. Nilikifurahia kama mtoto.

Siku ya tatu asubuhi nilikiweka mlangoni, nikamimina vikombe viwili vya mahindi, nikanyunyiza maji, nikaanza kutwanga. Plot nzima ilitoka kutazama mwanamume akitwanga. Sijali. Baada ya muda kidogo simu yangu ikalia. Alikuwa Mutheu.

"Mama anasema umeweka maji mengi."

Nikatazama shuka. Halikutikisika. "Amejuaje?"

"Anasema anasikia. Mahindi yanalia kama matope. Anasema ongeza makavu kidogo, na upige ukingoni, usipige katikati."

Nikaongeza makavu. Nikapiga ukingoni. Sauti ikabadilika, ikawa kavu na nyepesi, na maganda yakaanza kutoka kama magamba ya samaki. Nilishangaa kweli. Mwanamke haoni, amekaa nyuma ya shuka, na anajua kilicho ndani ya kinu changu kuliko mimi ninayekiinamia. Nikatamani kumuuliza mambo mengine kumi. Nikatwanga tu.

Nilipepeta kwa sinia, nikachemsha na maharagwe niliyokuwa nimeloweka, nikatia kitunguu na chumvi. Saa tatu nzima jikoni. Harufu ilikuwa ya nyumbani kabisa, ya mvua ya mwezi wa kumi na moja, na mate yalinijaa kinywani. Sikuonja. Nikasukuma sufuria chini ya shuka, nikaketi kwenye kigoda changu, nikasubiri.

Nilisikia kijiko. Kikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu, nikahesabu hadi kumi na tano. Kisha kijiko kikaanza tena, polepole, tena na tena na tena. Sikuwahi kumsikia akila hivyo. Vijiko viwili vilipita, vitano, kumi, nikapoteza hesabu. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama nasikiliza mechi redioni.

Sufuria ikarudishwa chini ya shuka. Ilikuwa tupu. Imekwanguliwa!

Nilitoka nje nayo nikiwa nimeiinua juu, nikamwonyesha Wanja, nikampigia Mutheu nikamwambia fumbo limefumbuka: mama yako alikuwa anataka muthokoi tu, kesho natwanga vikombe vinne, keshokutwa sita. Mutheu alilia kidogo kwenye simu. Sikujali hata kwamba mimi sikubakiziwa chochote. Nikachota maji nianze kuosha sufuria, nikaona punje moja imeganda chini ya mkunjo wa ukingo. Nikaibandua kwa ukucha, nikaitia mdomoni.

Ilikuwa chungu. Sisemi chungu ya kukunja uso. Ilikuwa chungu ya kufumba macho, chungu iliyopanda hadi masikioni, mpaka nikashika ukuta. Nilitema, nikasukutua, nikatema tena, na bado ilikuwepo. Hiyo ilikuwa punje moja. Yeye alikuwa amekula sufuria nzima.

Wazo la kwanza lilikuwa la kipumbavu, kwamba mama mkwe wangu anapenda uchungu. Nikaketi juu ya mtungi wa maji nikafikiri kama mtu mzima. Huyu ni mwanamke aliyesikia maji yamezidi kinuni kwa sauti tu. Haiwezekani ulimi wake usijue mwarobaini. Alijua kwa kijiko cha kwanza. Kile kimya cha kumi na tano ndicho alichojulia. Sasa, mtu huyu chakula kizuri anakata kipande cha ukubwa wa kiberiti na kurudisha kingine chote. Chakula kibaya anakimaliza mpaka anakwangua. Chakula kizuri kinarudi kwa nani? Kwangu. Na hiki kibaya kingerudi kwa nani?

Nikapata jibu nikiwa nimeshika sufuria chafu, na machozi yakanitoka mbele ya Wanja na wateja wake wawili. Wakadhani ni kitunguu.

Nikaingia ndani. Nikasimama karibu na shuka kuliko nilivyowahi kusimama, nikaligeuzia mgongo, kwa maana kumtazama bado sikuweza.

"Mwaitu," nikasema. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu aje.

Kitanda kikalia kidogo. "Naam, baba Yvonne."

"Muthokoi ulikuwa mchungu."

"Chumvi ilitosha," akajibu.

"Sijauliza chumvi."

"Maharagwe nayo yaliiva vizuri."

"Mwaitu, ulikuwa mchungu kama dawa. Nimeonja punje moja, nimeshika ukuta."

Halafu nikasikia kitu kama mtu anayekohoa, kikaendelea, nikagundua kwamba anacheka, na anajizuia kwa sababu ya jicho. "Nilikuwa nasikia ukichonga," akasema alipoweza. "Siku ya kwanza upepo ukaleta harufu, nikasema, huo si mwarobaini? Nikasema, hapana, huyu ni fundi, anajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

Hata mimi nisingejua.

"Kwa nini uliumaliza, basi?"

"Ungebaki ungekula wewe," akasema. "Mtu ametoa jasho siku mbili, anatwanga watu wakimtazama. Halafu atie mdomoni akute ameharibu? Nilisema acha niumalize. Mwarobaini haujaua mtu."

"Na chakula kizuri? Ugali? Ndengu? Vile vyote ulikuwa unavirudisha."

Aliponijibu sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu anayeona haya.

"Wewe hukuwa unakula."

"Nani, mimi?"

"Sijawahi kukusikia ukila hata siku moja. Nilisikia ukimwambia Mutheu ni nusu gunia tu. Nilisikia watu wakikuuliza habari za twiga, ukisema hakuna anayenunua. Unaleta sufuria nzima kwangu, mimi mzee niliyekaa tu, na kwako sisikii hata kijiko. Nikasema, huyu atakufa njaa akinilisha mimi. Nikawa nakuachia."

"Nilikuwa nakula nje! Nyuma ya kwa Wanja!"

"Wanja ningemuulizaje kama mkwe wangu ana njaa?"

Tulikuwa wapumbavu wawili wenye adabu nyingi. Kila mmoja alikuwa amemheshimu mwenzake karibu amuue. Nikamwambia ukweli wote, kwa aibu: kwamba kile alichojinyima nilikuwa nakila mimi, kila siku, mpaka mwisho, na kwamba suruali haifungiki tena.

"Haifungiki?" akauliza.

"Nimeifunga kwa kamba."

Akacheka tena, safari hii bila kujizuia, nikamwomba aache jamani, jicho.

Mchana ule sikutwanga. Nilichukua mahindi mengine, na maganda yake, ya punda kama alivyoyaita mwenyewe, nikayabandika jikoni pamoja na maharagwe. Alinielekeza kutoka nyuma ya shuka, moja kwa moja, bila kupitia simu ya Mutheu huko Riruta. Niyaloweke kwanza kwa maji moto. Nisitie chumvi mpaka yaive, yatakuwa magumu. Nifunike, nisifunuefunue kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Nikamuuliza kwa nini chumvi hufanya mahindi kuwa magumu, akasema hajui, mama yake alimwambia hivyo, naye alijaribu mara moja akaona ni kweli. Nikapenda jibu hilo. Nikauliza mengine, naye akajibu, na alipochoka alisema amechoka.

Saa kumi na moja jioni yalikuwa tayari. Sikusukuma sufuria chini ya shuka. Nilipakua sahani mbili sawasawa, moja nikampitishia, nyingine nikaiweka gotini. Vidonge vyake vilikuwa kwenye kifuniko cha chupa, vinasubiri. Sikusikia kijiko.

"Mwaitu, kula."

"Kula wewe kwanza," akasema. "Nikusikie."

Miaka kumi na minne ya ndoa sijawahi kutia kitu mdomoni mama huyu akiwa karibu. Niligeuza kigoda nikaelekea mlangoni, mgongo kwake, nikachota kijiko, nikakitia mdomoni. Nikatafuna. Mahindi yale yalikuwa na maganda, yanatafunika kwa kelele, na nadhani hata Wanja alinisikia. Nikameza. Nikachota cha pili.

Nyuma yangu kijiko chake kikaanza. Tulikula hivyo, bila neno, kila mmoja akisikiliza. Alipomaliza nilimsikia akimeza vidonge na maji. Kisha sahani ikatokea chini ya shuka, tupu, na vidole vyake havikuiachia mara moja.

"Niongeze," akasema. "Na wewe ujiongeze."

Nikaongeza sahani zote mbili, mpaka sufuria ikaisha.